Si Kila Maumivu ya Viungo ni Baridi



Ndugu zetu waishio Nyeri, Karatina na Nanyuki huikabili baridi kali kila ufikapo mwezi wa Julai. Mama akiamka vidole vimevimba na kukakamaa, jirani humwambia ni baridi ya mlima, ajifunike. Hata lugha yetu imeuita ugonjwa huo baridi yabisi. Lakini baridi huzidisha maumivu tu; lau ndiyo asili yake, Mombasa na joto lake isingekuwa na mgonjwa hata mmoja. Asili yake ni kinga ya mwili iliyoigeukia nyumba yake yenyewe.

Huenda msomaji akauliza: askari wa mwili wakiwa wachache, watadhuru vipi? Tulitazame soko la Karatina. Walinzi wakipungua ghafla, wengine huajiriwa kwa haraka bila kuchunguzwa, na mwizi naye akapewa rungu. Ndivyo ilivyo damuni: chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti zikipungua, zilizosalia huzaana upesi ili kuziba pengo, na zile zinazoudhania mwili kuwa adui hupata nafasi ya kuongezeka. Isitoshe, ziko chembe maalumu ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Shimon Sakaguchi wa Japani alizibainisha mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye na Wamarekani wawili, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Watulizaji hao wakikosekana, ghasia hazina wa kuzizuia. Hata hivyo, si kila mwenye upungufu huugua. Urithi na maambukizi nayo yana sehemu yake.

Jambo hili lawagusa zaidi mama na dada zetu. Katika ugonjwa wa lupasi, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na upungufu wa limfosaiti huonekana kwa wengi wao. Binti akilalamikia uchovu usiokwisha, homa, vipele vya mashavuni na maumivu ya viungo, tusikimbilie kusema ni jini au husuda. Lupasi ikipuuzwa huweza kuharibu figo. Apelekwe hospitali, ahesabiwe chembe za damu na kupimwa mkojo. Dua na dawa hazigombani.

Na ifikapo Ramadhani, mgonjwa asiache dawa kwa hiari yake. Amshauri tabibu kwanza, kwani sheria imempa ruhusa.

Wabillahi tawfiq.