MAONI: Kabla ya kununua prosesa, andika jina la ubao mama

Majuzi kijana wa kaka yangu aliniletea kompyuta aliyoiunga yeye mwenyewe hapa Kasongo. "Baba mdogo, vyote vimeingia, lakini haiwaki," akaniambia. Prosesa ilikuwa imetoka Bukavu, ikasafiri kwa pikipiki zaidi ya wiki moja. Ilikuwa nzima. Ubao mama nao ulikuwa mzima. Tatizo ni kwamba havikuwa vya pamoja.

Prosesa ilikuwa Core i5 ya kizazi cha 8. Ubao mama ulikuwa wa kizazi cha 6 na cha 7. Soketi za vyote zinaitwa LGA1151 na kwa macho zinafanana, lakini Intel ilipoleta kizazi cha 8 mwaka 2017 ilidai ubao mpya. Muuzaji alimhakikishia kijana kwa simu kwamba "1151 ni 1151". Alipoombwa kuirudisha, alikataa.

Fedha hizo zilikuwa za vijana wanne waliouza mpunga wao wa msimu mzima ili wafungue chumba cha kuchapa barua na kutoa kopi. Mpaka leo chumba kina meza na viti tu.

Nasema wazi: hasara hii haikuletwa na ubovu wa barabara peke yake. Imeletwa na desturi yetu ya kununua kompyuta kwa maneno. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kipande cha kompyuta ni mali kama mali nyingine.

Wengi wetu huanza na prosesa kwa sababu ndiyo yenye sifa. Mimi nashauri tuanze na umeme. Huku tunategemea paneli za jua na jenereta. Betri ya volti 12 na Ah 100 inabeba kama Wh 1,200, na ile ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo una Wh 600. Kompyuta na skrini vinavyokula wati 100 vitakupa kama saa tano. Ukiweka kadi ya michoro kama RTX 3060, ambayo peke yake inaweza kula wati 170, hata saa mbili hazifiki. Kwa kazi ya kuchapa, kusoma na kukata video fupi, prosesa yenye michoro ndani yake, mfano Ryzen 5 5600G, inatosha. Lakini angalia herufi: Ryzen 5 5600 bila G haina michoro, na Intel yenye F mwishoni pia haina. Ukikosea hapo, kompyuta itawaka na skrini itabaki nyeusi.

Baada ya umeme, chagua ubao mama, ule mafundi wetu wanaouita kartimeri. Huo ndio unaoamua mengine. Wa AM4 hupokea ramu ya DDR4. Wa AM5, uliokuja 2022, hupokea DDR5 tu. Wa LGA1700 una aina mbili, ya DDR4 na ya DDR5, na ramu ya moja haiingii kwenye nyingine kwa kuwa mkato wake umewekwa mahali tofauti. Usilazimishe kwa kidole. Ubao wa AM4 wa zamani pia unaweza kuhitaji BIOS mpya kabla ya kutambua prosesa ya karibuni, na kama huna prosesa ya zamani ya kuuwashia, unaweza kukwama. Mwulize muuzaji kama ameshaisasisha. Mwisho pima kasha: ubao wa ATX una urefu wa milimita 305, hauingii katika kasha lililotengenezwa kwa Micro ATX.

Wapo watakaoniambia: kwa nini taabu yote hii, nunua laptopu. Kwa mwanafunzi wa nyumbani nakubaliana nao, laptopu inakula umeme kidogo na ina betri yake. Lakini kwa chumba cha kazi, kompyuta ya mezani inatengenezeka kipande kwa kipande. Wengine watasema tununue kompyuta kuukuu za ofisi zilizokamilika. Sawa, ila tujue mbili: Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni yake inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Tena nyingi za mashine hizo zina alimentasiyo yenye plagi za peke yake. Ikiungua, ya kawaida ya dukani haifai.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Sisi wanunuzi tusitume fedha kabla ya kupiga picha jina lililochapwa juu ya ubao mama wetu na kulitafuta katika orodha ya prosesa inayotolewa na kampuni iliyoutengeneza. Orodha hiyo ni ya bure, na megabaiti za kuifungua ni nafuu kuliko nauli ya pikipiki. Nao wauzaji waandike kwenye risiti jina la ubao, aina ya soketi, aina ya ramu na wati za alimentasiyo, kisha wakubali kurudishiwa kipande kisichopatana na walichoandika. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu. Anapata mteja atakayerudi.

Mjini Bukavu, iliyo mikononi mwa M23 tangu Februari 2025, si rahisi kurudisha kipande. Kosa dogo la leo ni fedha iliyokufa kabisa.

Bati linalounganisha vipande vya ubao mama na koltani iliyomo katika kapasita zake ni madini yanayochimbwa pia Maniema. Yanatoka kwetu kwa kilo na kurudi kwetu kwa bei ya dola. Basi yanaporudi, angalau yawake.