Mtoto Akisema Ameshiba, Ameshiba

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, malezi ya mama hupimwa kwa sahani ya mwanawe. Ikirudi jikoni tupu, mtoto amelelewa. Ikirudi na nusu ya ugali, basi mtoto anadeka, ana kiburi, au mama mwenyewe hajui kukaza. Hapo ndipo vitisho vinapoanza: hutoki hapo mpaka umalize, kuna wenzako wanalala njaa, nileteeni fimbo. Kwa walio wadogo mno hata vitisho hawavielewi, kazi hufanywa na mikono. Mtoto hulazwa mapajani, hubanwa pua ili afungue mdomo apate pumzi, na uji humiminwa. Wafanyao hivyo si wakatili. Wanampenda mtoto na wanamhofia. Lakini imani inayowaongoza, kwamba mtoto hajui kiasi chake na kwamba wajibu wa mzazi ni kumshindilia mpaka sahani ing'ae, haina ukweli, na inawaumiza watoto wale wale tunaodai kuwalinda.

Swali la kama mtoto anajua kiasi chake limechunguzwa kwa karibu miaka 100. Mwaka 1926 daktari wa watoto wa Marekani, Clara Davis, alianza kufuatilia watoto waliokuwa wametoka tu kuachishwa ziwa. Waliwekewa mbele yao vyakula vya aina nyingi, vya kawaida na visivyotiwa sukari wala chumvi: nyama, mayai, matunda, mboga, nafaka, maziwa. Wauguzi walikatazwa kumshawishi mtoto au kumchagulia. Walimlisha kile tu alichokinyooshea mkono, wakaacha alipoacha. Milo ya watoto hao ilikuwa ya ajabu kwa macho ya mtu mzima, leo huyu anakula mayai mengi, kesho hayagusi, lakini wote 15 waliofuatiliwa walikua vizuri. Mmoja aliyeingia akiwa na matege aliwekewa mafuta ya ini la samaki pamoja na vyakula vingine. Aliyanywa kwa hiari yake mpaka alipopona, kisha akayaacha. Mwaka 1991 Leann Birch na wenzake walipima kila walichokula watoto 15 wa miaka miwili hadi mitano. Kutoka mlo hadi mlo, kiasi kilipanda na kushuka kwa wastani wa asilimia 34 hivi. Walipojumlisha siku nzima, tofauti ilishuka hadi kama asilimia 10. Mtoto aliyekataa chakula cha mchana alikifidia jioni, bila mtu kumwambia. Mzazi anayegombana na mtoto juu ya sahani moja ya mchana anagombana na hesabu ambayo mwili unaifanya wenyewe, na kuifanya vizuri kuliko jicho lake.

Ila uwezo huo hufifia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, watoto wa miaka mitatu walikula kiasi kile kile hata walipopakuliwa chakula kingi zaidi, lakini wa miaka mitano walikula zaidi kadiri sahani ilivyozidi kujaa. Katika miaka hiyo michache mtoto huanza kuyasikiliza macho kuliko tumbo. Sisi tunaharakisha safari hiyo kila tunapomwambia kwamba kushiba kwake si hoja, hoja ni sahani. Na hata kama lengo letu ni hilo tu, ale zaidi, nguvu haileti hicho tunachokitaka. Mwaka 2006 watafiti waliwapa watoto wadogo supu za aina mbili kwa wiki kadhaa, moja wakiambiwa wamalize, nyingine wakiachwa wale watakavyo. Supu waliyohimizwa ndiyo waliyokula kidogo na kuisema vibaya zaidi. Ahadi ya zawadi nayo haisaidii. Jaribio la 1984 lilionyesha kwamba watoto waliozawadiwa kwa kunywa kinywaji kigeni cha maziwa walikipenda kidogo baadaye kuliko kabla ya zawadi kuanza. Fikiria basi tunapomwambia mtoto, "maliza mboga nikupe soda." Tumemfundisha kwa kinywa chetu kwamba mchicha ni adhabu na soda ni tuzo. Anajifunza pia kwamba meza ya chakula ni mahali pa hofu, na kwamba mapenzi ya mama huja na kwenda kwa vijiko. Na wa mapajani, anayelishwa huku akilia, anaweza kuvuta uji ukaingia mapafuni. Hilo ni jambo la kufa na kupona.

Najua jibu ambalo wengi wanalo tayari: haya ni mambo ya nchi zilizoshiba, kwetu watoto wamedumaa. Ni hoja nzito, na haifai kupuuzwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini tazama ni wapi. Iringa ndiyo iliyoongoza, zaidi ya nusu ya watoto, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa zilizofika karibu nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Kama udumavu ungetibiwa kwa ugali mwingi, Iringa isingekuwa na mtoto aliyedumaa. Watoto wanadumaa kwa sababu ugali huo hauna maharage ya kutosha, hauna dagaa, hauna yai wala maziwa; kwa sababu wanaharisha mara kwa mara; kwa sababu mama alifanya kazi ngumu akiwa mjamzito bila kula vizuri, na akirudi shambani mtoto analishwa mara mbili kwa siku badala ya mara nne au tano. Kumshindilia mtoto bakuli zima la uji mweupe hakugusi hata moja ya sababu hizo. Kunamjaza maji na wanga tu, na moyo wa mzazi unatulia pasipo sababu.

Wanaotibu watoto walio hoi kwa njaa wanaijua thamani ya hamu ya kula. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akifikishwa kliniki, hupewa kwanza chakula dawa kile cha karanga cha kwenye pakiti, mahali pa utulivu, mama akimpa taratibu bila kumlazimisha. Akila, anaweza kutibiwa akiwa nyumbani. Akikataa, analazwa, kwa maana kukosa hamu kwa mtoto aliyekonda hivyo ni dalili kwamba kuna jambo baya ndani ya mwili. Kukataa kwake ni habari ambayo muuguzi anaihitaji, na angemlazimisha asingeipata. Nyumbani ni hivyo hivyo. Mtoto aliyekuwa akila na ghafla hataki kufungua mdomo huenda ana malaria, vidonda mdomoni au minyoo. Mpeleke akapimwe. Mgonjwa anayepata nafuu huhitaji subira, milo midogo ya mara kwa mara na kubembelezwa, na kubembeleza si kubana pua.

Inabaki hoja ya israfu, na wanaoitoa huitoa kwa imani. Kumwaga chakula ni dhambi, wanasema. Ni kweli, lakini kosa lilitendeka kwenye upawa: mtu mzima amempakulia mtoto wa miaka mitatu sahani ya mtu mzima. Tonge la nne likiingizwa kwenye tumbo lililojaa, hakuna mwenye njaa anayefaidika nalo. Waislamu wanayo mafundisho mashuhuri ya Mtume ya kuacha theluthi moja ya tumbo kwa maji na theluthi nyingine kwa pumzi; sijui kwa nini watoto waondolewe katika mafundisho hayo. Wanaohofu kwamba mtoto akipewa uhuru atakula chipsi na biskuti tu wana haki ya kuhofu, na Davis mwenyewe alisisitiza kwamba siri ya jaribio lake ilikuwa vile vyakula alivyoviweka mezani. Chipsi hazikuwepo. Kwa hiyo uchaguzi wa chakula, saa ya kula na mahali pa kula ni mamlaka ya mzazi, asiyaachie hata kidogo. Kiasi kinachoingia tumboni ni cha mtoto.

Leo usiku mpakulie vijiko viwili vya wali, maharage na kipande cha samaki. Akitaka tena, mwongeze. Akisukuma sahani, mwoshe mikono, aende zake.