Mizani ya sonara haisomi mwaka

Oktoba 2025 bei ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia, na mwezi huohuo madini ya fedha yakapita dola 50. Bei zinapopaa namna hii, masanduku hufunguliwa majumbani: hutolewa mikufu iliyokatika, pete za marehemu, na sarafu kuukuu ambazo hakuna aliyejua zimehifadhiwa kwa ajili gani. Wengi huamini kuwa msimu wa aina hii ni neema kwa mwenye sarafu za kale, kwa hoja kwamba dhahabu ikipanda, na sarafu ya dhahabu lazima ipande. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye hasara. Bei ya madini huinua sarafu za kawaida. Sarafu adimu kwelikweli haiitegemei sana. Zile za katikati, zisizo adimu mno wala za kawaida mno, ndizo huingia kwenye chungu cha kuyeyushia, na humo hazitoki zikiwa sarafu.

Tuanze na sarafu iliyotengenezwa hapa hapa. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita na meli za Waingereza zikiwa zimefunga bahari, utawala wao uliohamia Tabora uligonga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 katika karakana ya reli mjini humo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Upande mmoja una tembo na mlima nyuma yake, upande wa pili tai wa Ujerumani. Ziligongwa zipatazo 16,000 tu, na mwezi Septemba mwaka huohuo mji ukaangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7.17, na robo tatu yake ndiyo dhahabu halisi, yaani gramu 5.4 hivi. Mwishoni mwa 2015, wakia ilipokuwa karibu dola 1,050, dhahabu hiyo ilikuwa na thamani ya kama dola 180. Kwa bei ya dola 4,000 inakaribia 700. Lakini wakusanyaji walikuwa wakiilipia zaidi ya dola elfu moja hata wakati ule dhahabu iko chini, na iliyo safi ilifika elfu kadhaa. Kati ya bei hizo mbili dhahabu ilipanda karibu mara nne; bei ya tembo wa Tabora haikupanda mara nne. Kinacholipiwa hapo ni vita, karakana, na uchache wa zilizobaki. Tena, anayetaka kuona kwamba madini si shina la thamani ya sarafu adimu atazame sarafu za masultani wa Kilwa. Nyingi ni za shaba, na shaba iliyomo haitoshi kununua soda, lakini makumbusho na wasomi duniani huzithamini kuliko vipande vingi vya dhahabu.

Upande wa pili kuna sarafu ambazo kwazo mizani ndiyo hakimu. Riale yenye sura ya Maria Theresa, iliyozunguka pwani yetu na Uarabuni kwa vizazi, ina mwaka 1780 hata kama iligongwa miaka mia na hamsini baadaye. Vienna iliendelea kuigonga baada ya malkia huyo wa Austria kufa, na katika miaka ya 1930 Roma, London, Paris na Brussels nazo zikaingia. Zipo nyingi mno. Ndani yake mna gramu 23.4 za madini ya fedha, ambazo kwa dola 50 kwa wakia ni kama dola 38, na kwa nyingi kati ya hizo bei ya soko haiendi mbali na hapo. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ile ya 1921 hadi 1946, ina robo tu ya madini ya fedha, chini ya gramu mbili. Iliyosagika kwa kupita mikononi haina mkusanyaji wa kuigombania. Huyu mwenye riale na shilingi za simba amenufaika na bei mpya, na sina sababu ya kumzuia asiuze.

Shida inawaangukia walio kati. Chukua dola 20 za dhahabu za Marekani, zilizogongwa kwa mamilioni kabla ya 1933. Dhahabu ikiwa rahisi, iliyo katika hali nzuri huuzwa kwa nyongeza kubwa juu ya thamani ya madini yake, kwa sababu mnunuzi anaitaka kama sarafu. Dhahabu ikiruka, nyongeza ile husinyaa hadi karibu itoweke, maana mkusanyaji wa kipato cha kawaida hawezi tena kuilipia hata dhahabu yenyewe, achilia mbali uzuri wake. Wauzaji nao mitaji yao hunaswa kwenye shehena ya dhahabu ya kawaida inayozunguka haraka. Kwa hiyo yule aliyenunua sarafu ya namna hiyo kwa nyongeza kubwa, akidhani amejikinga mara mbili, kwa madini na kwa uadimu, hugundua kwamba kinga moja imeila nyingine. Na pale nyongeza inapofikia sifuri, hakuna tena sababu ya kibiashara ya kutoiyeyusha.

Historia imeandika matokeo yake. Kwa sheria ya Pittman ya 1918, Marekani iliyeyusha zaidi ya dola milioni 270 za madini ya fedha, bila kuweka hesabu ya miaka iliyokuwa imeandikwa juu ya sarafu hizo. Mpaka leo idadi ya sarafu zilizogongwa mwaka fulani haimwambii mkusanyaji ni ngapi zimebaki. Mwaka 1933 ziligongwa dola 20 za dhahabu 445,500, lakini serikali ya Rais Roosevelt ilisitisha matumizi ya dhahabu na karibu zote zikayeyushwa. Moja iliyonusurika iliuzwa New York mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9, takriban mara elfu kumi ya dhahabu iliyomo. Hata agizo la 1933 la kuwataka raia wasalimishe dhahabu liliziacha nje sarafu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji. Serikali iliyokuwa na njaa ya dhahabu ilijua kwamba si kila dhahabu ni dhahabu tu. Januari 1980 sokoni hakukuwa na ubaguzi huo. Ndugu wa Hunt, matajiri wa Marekani, waliporundika madini ya fedha hadi bei ikakaribia dola 50, sarafu zilipelekwa kwenye matanuri kwa magunia. Machi 27 bei ilikuwa chini ya dola 11. Bei ilirudi ilikotoka; sarafu hazikurudi.

Afrika Mashariki nayo ilipitia kisa cha namna hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza madini ya fedha yalipanda hadi senti za Kiingereza 89 na nusu kwa wakia jijini London, Februari 1920, na rupia ya Kihindi, iliyokuwa pesa yetu ya kila siku, ikawa na madini yenye thamani kubwa kuliko kiwango chake cha zamani cha shilingi moja na senti nne za Kiingereza. Kiwango kikapandishwa, wenye madeni ya rupia wakalia, na serikali ya kikoloni ikaleta florini mwaka 1920, halafu shilingi mwaka uliofuata. Florini ilikuwa nusu madini ya fedha, shilingi robo. Yule simba ambaye leo ana bei ndogo kwa sonara alizaliwa maskini kwa sababu madini yalikuwa yamepanda.

Nitaambiwa kwamba kuyeyusha ni desturi yetu wenyewe. Ni kweli: masonara wa pwani walifanya vikuku na mikufu kutokana na riale, na vikuku hivyo leo ni urithi. Lakini sonara yule aliyeyusha sarafu iliyokuwa imejaa sokoni, akatoa kitu chenye kazi yake mwenyewe. Kinachoyeyushwa kwa sababu ya bei huwa kipande cha dhahabu kisicho na jina. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la familia yenye ada ya shule mbele yake: historia hailiwi. Nami sisemi isiuze. Nasema anayeuza rupia 15 ya Tabora kwa gramu amempa mnunuzi historia bure. Na anayedai kwamba soko la wakusanyaji limejaa nakala bandia na tathmini za kupuliza hajakosea, ndiyo maana inafaa kupima uzito kwanza. Lakini mizani ya sonara nayo hukata asilimia zake, na nakala bandia nyingi huumbuka kwenye uzito uleule.

Sheria nayo haimsaidii anayeuza sarafu kama ya Tabora. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa Tanzania Bara, hulinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Sarafu za Kilwa zimo. Sarafu ya Tabora ya 1916 imeachwa nje, na riale ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya 1882 haimo pia. Kusogeza mwaka huo mbele kwa pupa kutafanya watu wafiche, kwa hiyo napendelea hatua ndogo: masoko ya madini yaliyoanzishwa tangu 2019, na masonara wenye leseni, watakiwe kuweka kando kwa siku chache sarafu yoyote ya kabla ya uhuru kabla haijayeyushwa, ipigwe picha na itumwe Makumbusho ya Taifa ili muuzaji aambiwe ana nini mkononi. Gharama yake ni simu moja na mtaalamu mmoja wa kujibu. Riale nyingi za Maria Theresa zitarudi kwa sonara siku hiyohiyo, na hakuna atakayepoteza chochote.