Posta na TTCL: Nani Abebe Gharama ya Huduma Milimani Same?

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka wa fedha 2023/24, iliyowekwa hadharani Aprili 2025, iliyataja Shirika la Posta Tanzania na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) miongoni mwa mashirika ya umma yaliyopata hasara. Taarifa ya aina hiyo husomwa kwa haraka kuwa ni habari ya usimamizi dhaifu peke yake. Ikitazamwa kutoka wilaya kama Same, mkoani Kilimanjaro, inaibua swali jingine: ni sehemu gani ya hasara hiyo inatokana na uendeshaji, na ni sehemu gani ni gharama ya wajibu ambao Taifa limeyakabidhi mashirika hayo?

Wilaya ya Same ilikuwa na wakazi 269,807 katika Sensa ya mwaka 2012, nao wamegawanywa na safu ya milima ya Upare wa Kusini. Upande wa magharibi, Same mjini, Makanya na Hedaru ziko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha. Upande wa mashariki, Kisiwani, Maore na Ndungu zimeenea tambarare. Katikati kuna vijiji vya Chome, Suji, Mbaga na Mamba, chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462. Mlima unaozuia mawimbi ya simu ndio huo huo unaoongeza gharama ya kufikisha kifurushi. Kupeleka huduma katika maeneo hayo hugharimu zaidi, na wateja wa kulipia gharama hiyo ni wachache kuliko mjini.

Hapo awali gharama hizo zilifichwa ndani ya hesabu moja. Chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Shirika la Posta na Simu lilihudumia Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi iliunda shirika lake, na Mkataba wa mwaka 1984 ukagawa mali na madeni kwa uwiano wa asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda. Madai ya wastaafu wa Jumuiya nchini Tanzania yaliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Funzo lake lingali hai: shirika likivunjwa, deni lake kwa watumishi haliondoki pamoja na kibao cha ofisini.

Shirika la Posta na Simu Tanzania, lililorithi kazi hiyo, lilikuwa na dirisha la barua na la simu chini ya paa moja. Mapato ya simu yalisaidia kubeba posta. Utaratibu huo ulifikia kikomo kwa sheria za mwaka 1993 zilizotenganisha huduma hizo. Shirika la Posta likaanza kujitegemea Januari 1994, na simu zikaenda kwa kampuni ya TTCL. Lengo lilikuwa kila huduma ijulikane gharama yake. Lakini posta ilibaki na ofisi zilizotapakaa nchi nzima, huku mapato yaliyokuwa yakiisaidia yakienda kwingine.

TTCL nayo haikubaki na neema hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa zake ziliuzwa kwa wawekezaji wa nje, wakati kampuni za simu za mkononi zikianza kuvuta wateja. Mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena hisa hizo kutoka Bharti Airtel kwa Shilingi bilioni 14.9, na Sheria ya mwaka 2017 ikaifanya TTCL kuwa shirika la umma. Leo kazi yake kubwa ni pamoja na kuendesha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao kampuni nyingine hukodi ili kuwafikia wateja wao.

Kwa posta, pigo lilikuwa katika fedha na barua kwa pamoja. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, ikifuatiwa na nyingine za aina hiyo, mzazi wa Mbaga hakulazimika tena kuteremka mjini kupokea hawala ya posta kutoka kwa mwanawe. Ujumbe mfupi wa simu ukachukua nafasi ya barua na simu ya maandishi. Kilichobaki ni sanduku la barua, ambalo mara nyingi shule au kanisa hulipia na kijiji kizima kikalitumia, pamoja na nyaraka rasmi na vifurushi.

Hapo ndipo suala la watumishi linapojitokeza. Ofisi ya posta ikihudumia wateja 10 au 200 kwa siku, mshahara wa karani, mlinzi, umeme na pango hubaki karibu vilevile. Njia nyepesi ya kupunguza hasara ni kutojaza nafasi za wanaostaafu na kufunga madirisha yenye wateja wachache. Hesabu itapendeza, lakini mzigo utakuwa umehamishiwa kwa mwananchi: nauli ya kuteremka mlimani na siku nzima ya kazi iliyopotea, gharama ambazo haziingii katika kitabu cha shirika lolote.

Njia ya pili ni kuipa ofisi hiyo kazi mpya. Vituo vya Huduma Pamoja vilivyoanzishwa katika majengo ya Posta vinaelekea huko, kwa kukusanya huduma za taasisi mbalimbali mahali pamoja. Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa Februari 2022, nayo inawezesha kifurushi kupelekwa hadi mlangoni. Kwa mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba anayetaka kumuuzia mteja wa mbali moja kwa moja, anwani na msafirishaji wa kuaminika vina thamani halisi. Hata hivyo, kazi hizo zinahitaji watumishi wenye ujuzi wa mifumo ya kompyuta na usafirishaji, hivyo mafunzo na ajira mpya haviepukiki.

Upande wa simu tayari kuna mfano wa kuigwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni ili zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingezipeleka. Kiasi cha ruzuku na eneo hujulikana, na matokeo hupimika. Wajibu wa posta ukihesabiwa hivyo, kila ofisi ikiwa na gharama na huduma zake bayana, itakuwa rahisi kutenganisha hasara ya uzembe, ambayo lazima ikomeshwe, na gharama ya haki ya mwananchi, ambayo lazima ilipiwe.

Kwa hiyo, taarifa zijazo za Msajili wa Hazina na za wizara yenye dhamana ya mawasiliano zinastahili kusomwa zaidi ya mstari wa faida na hasara. Faida iliyopatikana kwa kufunga dirisha la mwisho mlimani, na hasara iliyotokana na kuliacha wazi, haziwezi kupimwa kwa mizani moja.