Kadi za Simu Hazikunjiki Kona

Wacha niseme tu: Yu-Gi-Oh! ya kwa simu ni poa, lakini si mchezo uleule. Najua kuna wasee watanirukia hapo chini. Wanirukie.

Heshima kwanza. Master Duel ilitoka 2022, bure kabisa, na bila hiyo mimi singekuwa nacheza. Kadi zenyewe unaagiza ng'ambo, unalipa usafiri, unalipa ushuru, na ukimaliza dek ya kadi 40 umeshakula pesa ya rent. Simu inataka bando tu.

Hata sheria nilifunzwa na simu. Shida ni kwamba inakufunza kama kaka mkubwa anayekufanyia hesabu. Inakuonyesha kadi gani inachezeka, inakuuliza kama unataka kujibu, inatoa kwa zile pointi zako 8000 yenyewe. Siku ya kwanza nimeketi na watu, tukiwa sita kwa mkahawa fulani tao, ndio nilijua sijui kitu. Nilisomewa kadi yangu mwenyewe na kijana wa Form 3. Aibu! Lakini ile kadi sitawahi kuisahau.

Halafu, si hizi zinaitwa kadi za kubadilishana? Kwa Master Duel unabadilishana na nani? Usizozitaka unazivunja, tatu kwa moja, unaunda nyingine. Pokémon TCG Pocket waliongeza kubadilishana Januari 2025, na masharti kibao: lazima muwe marafiki ndani ya app, lazima kadi ziwe za kiwango kimoja. Mimi mezani nilitoa kadi mbili safi nikapewa Blue-Eyes White Dragon moja iliyokunjika kona. Nilipigwa, najua. Siirudishi.

Lakini hiyo si sababu yangu kubwa.

Mwaka niliacha chuo nilikuwa nacheza kwa simu mpaka saa tisa usiku. Mechi mamia, na sikuongea na mtu hata mmoja. Mpinzani ni jina na picha tu. Akiona anachapwa, anatoka. Kuna wakati nilikaa wiki tatu bila kuingia na hakuna aliyegundua. Mezani nilikosa Jumamosi mbili tu. Sikuwa na nauli, na niliona haya kusema. Simu ikalia: "Uko wapi, bana? Tuko watano, mmoja anakaa bure." Nikabaki kimya. Nadhani alielewa, maana baada ya dakika moja iliingia soo mbili kwa M-Pesa, bila maneno.

Master Duel bado ninayo. Naicheza kwa mat kukiwa na jam, na najaribia dek huko kabla sijatoa pesa kununua kadi. Jumamosi kuanzia saa nane siigusi.

Kama uko Nairobi na umekuwa ukicheza peke yako usiku, niandikie nikuambie tunapatana wapi. Huna dek? Nitakuazima. Usinikunjie kona tu.