KAMPUNI YA UJENZI HUKUZWA NA DAFTARI



Mtu akifika Kidatu, milima ya Vidunda ikiwa ng'ambo moja ya Mto Ruaha Mkuu na milima ya Udzungwa ng'ambo ya pili, ataona reli mbili zinazokutana wala hazishikani. Moja yatoka Kilosa kwa njia ya Mikumi, na upana wake ni milimita 1,000. Ya pili ni TAZARA, itokayo Dar es Salaam kwenda New Kapiri Mposhi katika Zambia, mwendo wa kilomita 1,860, na upana wake ni milimita 1,067. Tofauti yake yapata vidole vinne tu. Lakini kwa vidole vinne hivyo behewa la reli hii haliwezi kupita juu ya reli ile, na ndiyo sababu pakajengwa hapo mahali pa kuhamishia mizigo.

Lakini leo hatukusudii kusema habari za reli. Twataka kusema habari za wale waliozijenga, na habari zetu sisi tunaoshika kalamu ofisini. Maana kila mara kazi kubwa inapoanza katika nchi hii, huulizwa swali moja barazani na njiani: Kwa nini kampuni za wageni huja hapa zikiwa ndogo na kuondoka zikiwa kubwa, na kampuni za wenyeji huanza na bango zuri barabarani, kisha baada ya miaka michache hata bango halionekani? Wengi hujibu kwamba ni fedha. Wengine husema ni mitambo. Sisi twaona liko jambo lingine lililo karibu nasi zaidi, tena limo mikononi mwetu.

Na tuitazame TAZARA. Mapatano ya kuijenga yalitiwa sahihi Beijing mwaka 1967 na serikali tatu, yaani Tanzania, Zambia na China. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Ujenzi ulifunguliwa Oktoba 1970, na mwaka 1975 reli ikafika mwisho wake. Tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa kwa wenyewe. Maelfu mengi ya vijana wa Tanzania na Zambia walibeba mataruma na kuchimba milima, hasa kati ya Mlimba na Makambako penye kazi ngumu kupita zote. Na katika Wachina waliokuja, zaidi ya 60 walifia kazini, wakazikwa mbali na kwao.

Sasa, wasomaji waangalie jambo hili. Walioijenga reli hiyo hawakuwa kampuni. Ilikuwa ofisi ya Serikali, idara ya misaada ya nchi za nje katika Wizara ya Reli ya China, yenye wahandisi wake, wapimaji wake, na bila shaka makarani wake. Kazi ilipokwisha, ofisi ile haikutawanywa. Mwaka 1979 iligeuzwa kuwa kampuni, ikaitwa China Civil Engineering Construction Corporation, ambayo wengi huifahamu kwa herufi CCECC. Basi kampuni ile ilizaliwa na kazi iliyofanyika katika nchi yetu, na sehemu yake ilifanyika hapa chini ya milima yetu.

Tangu hapo imekua kiasi cha kustaajabisha. Nchini Nigeria ilijenga reli ya Abuja hadi Kaduna, iliyofunguliwa mwaka 2016, kisha ile ya Lagos hadi Ibadan. Ilijenga sehemu ya mashariki ya reli mpya iendayo Addis Ababa kutoka Djibouti. Ikarudi kwetu pia: mwaka 2021 ilipewa, pamoja na wenzake, kazi ya reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, na daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria, likafunguliwa kwa jina la Rais Magufuli Juni 2025. Tena Septemba 2024 hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA yenyewe ilitiwa sahihi Beijing mbele ya marais wa nchi tatu, na mwaka 2025 mkataba ukafuata. Na kampuni iliyokabidhiwa kazi hiyo ni hiyo hiyo. Mtoto aliyezaliwa na reli ameitwa kuja kumwuguza mama yake.

Je, kwetu sisi kulibaki nini? Haki yasema tusikanushe kilichobaki. Reli ilibaki. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea kazi ya reli, wakarudi na elimu yao. Wengi katika vibarua waliajiriwa na TAZARA, na wengine wakafanya makao kando ya njia. Lakini makundi ya ujenzi yenyewe, yale yaliyokuwa yamejua kupasua mwamba na kusimamisha nguzo ya daraja, yalivunjwa. Huyu alirudi shambani, yule akaenda mjini. Huko Mang'ula palikuwa na karakana kubwa ya ujenzi wa reli, ikageuzwa baadaye kuwa kiwanda cha mitambo cha umma, nacho hakikudumu. Basi kazi ilikuwa moja, jua lilikuwa moja, na jasho lilikuwa moja. Lakini upande mmoja palibaki nyumba yenye watu na kumbukumbu zake, na upande wa pili walibaki watu mmoja mmoja wenye hadithi za kuwasimulia wajukuu.

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo siri. Kampuni ya ujenzi si makatapila. Makatapila hununuliwa, hukodishwa, na mwisho hugeuka chuma chakavu. Kampuni ni watu waliokaa pamoja baada ya kazi ya kwanza, na daftari linalowaambia katika kazi ya pili walikosea wapi katika ile ya kwanza. Vikitawanyika viwili hivi, hata kampuni iwe na mitambo kiasi gani, kila kazi kwake huwa ya kwanza.

Asiyesadiki na akumbuke walioijenga reli ya kati ipitayo Kilosa. Hiyo ilikuwa kazi ya Philipp Holzmann wa Frankfurt, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1849. Ilianza kutandaza reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Ilikuwa jitu katika majitu. Lakini mwaka 1999 palionekana katika hesabu zake hasara kubwa mno ambazo hazikuwa zimejulikana. Serikali ya Ujerumani ikajaribu kuiokoa, isiweze. Na mwaka 2002 ikafilisika. Haikuangushwa na mwamba wala mafuriko. Iliangushwa na hesabu. Wahenga wetu walikwisha kusema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na hapa petu Kilosa tunaye mwalimu mwingine, naye ni Mto Mkondoa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto huo ulifurika, ukabomoa nyumba za watu, ukaikata reli kati ya Kilosa na Gulwe hata safari za treni zikasimama kwa miezi. Haikuwa mara ya kwanza mto kula reli, na watu wa hapa walijua. Swali letu ni hili: kimo cha maji cha kila mwaka kiliandikwa wapi, na nani aweza kulitoa jalada hilo leo mhandisi akiliomba? Wageni walipochimba mahandaki manne ya reli ya kisasa katika vilima vya Kilosa, walijipimia wenyewe upya. Na treni ya Dodoma ilipoanza kupita hapa Julai 2024, kampuni ya Yapı Merkezi ya Istanbul, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilikuwa imeongeza katika daftari lake ujuzi wa vilima vyetu. Sisi je, tumeongeza nini katika letu?

Sasa twaja kwetu makarani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 pamoja na kanuni zake imefungua mlango mpana: kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 zimetengwa kwa kampuni za wenyeji. Hilo ni jambo jema. Lakini mlango ukifunguliwa si kwamba mtu amekwisha kuingia. Bodi ya Usajili wa Makandarasi huwaandikisha makandarasi kwa madaraja, tangu la saba lililo la chini hata la kwanza. Na apandaye ngazi hiyo hana budi kuonyesha kazi alizozimaliza, watu wake na mitambo yake. Ushahidi wa kazi iliyomalizika ni karatasi. Malipo ya kazi hiyo ni karatasi pia. Mkandarasi hupeleka madai, mhandisi msimamizi hupima, hati ya malipo hutolewa, nayo huanza safari kutoka meza hata meza. Na mezani ndipo tulipo sisi.

Tunamfahamu mkandarasi mmoja mdogo, mwenyeji wa wilaya hii, aliyejenga makalvati katika barabara ya mlimani. Kazi yake ilipimwa, ikaonekana ni njema. Mvua mbili zimepita juu yake wala haikutikisika. Hati yake ya malipo iliingia katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ikakosa kiambatisho kimoja. Hakuna aliyemwambia. Jalada likalala chini ya majalada mengine kwa miezi saba. Kila alipouliza aliambiwa, "Njoo wiki ijayo." Huku benki ikihesabu riba, na mafundi wake wakidai ujira, aliuza lori lake, kisha mashine yake ya kuchanganyia zege. Fedha zilipotoka alilipa madeni, zikaisha. Fundi wake mkuu, mtu aliyejua kila korongo la mlima ule, sasa auza vitunguu kando ya barabara kuu pale Mikumi. Hivyo ndivyo kampuni inavyokufa, bila kilio na bila matanga.

Twajua majibu yatakayotolewa. Mwenzetu mmoja atasema: Karani hana hazina, fedha zisipoletwa, afanye nini? Ni kweli, na si haki kumlaumu karani kwa fedha ambazo Hazina haijaleta. Lakini kuchelewa kwa fedha ni jambo moja, na kuchelewa kwa karatasi ni jambo la pili. La kwanza latupita uwezo. La pili ni letu, na tusijifiche nyuma ya lile la kwanza. Mwingine atasema: Tukiharakisha, tutapitisha kazi mbovu. La, ndugu. Hatusemi kazi mbovu ipite. Kazi mbovu irudishwe siku ile ile kwa barua inayotaja kosa lake. Kumkataa mtu waziwazi ni haki. Kumnyamazia ni dhuluma. Na yule anayengoja apewe chai ndipo jalada linyanyuke, huyo hatuna maneno naye hapa. Sheria inayo maneno yake.

Basi twaomba mambo matatu kwa kila mwanachama. Kwanza, kila hati ya malipo iandikwe katika daftari siku iingiapo na siku itokapo, na ikipungukiwa na kitu mwenyewe aarifiwe mara moja kwa maandishi. Pili, barua ya kumaliza kazi asinyimwe mtu aliyemaliza, maana hiyo ndiyo ngazi yake ya kupanda daraja. Tatu, vipimo vya barabara, madaraja na mito ya wilaya hii vitunzwe mahali pajulikanapo, ili mhandisi ajaye, akiwa mwenyeji au mgeni, asianze tena kana kwamba hapa hapakuwa na watu.

Hakuna katika haya jambo linalodai bajeti mpya wala kamati. Ladai kalamu, daftari na karani mwenye kuona haya. Mkandarasi mwenyeji hatuombi tumpendelee. Atuomba tumjibu. Nasi kesho tutakapofungua ofisi, na tuanze na lile jalada la chini kabisa.