Utamu wa Viungo na Jina la Aliyevipanda

Wiki iliyopita iliwekwa mbele yetu, juu ya meza ya uhariri, chupa moja ya bia nyeusi iliyoletwa na mgeni kutoka Marekani. Wengi wetu hatunywi kileo, na tahariri hii haimshawishi mtu yeyote anywe. Lakini karatasi iliyobandikwa kwenye chupa hiyo ilitufanya tusite. Iliorodhesha vanila, mdalasini, kakao na nazi. Mtu angedhani anasoma mahitaji ya mpishi wa keki, kumbe ni ya mpika pombe.

Mwenzetu mmoja, ambaye imani yake haimkatazi, aliionja. Alisema harufu iliyotangulia ni ya vanila, kisha ukafuata uchungu wa shayiri iliyokaangwa, mfano wa kahawa, halafu mdalasini ukabaki kooni. Ulimini ilikuwa nzito na tamu. Ukali wa kileo ulikuja mwisho kabisa, ukashuka kifuani baada ya ulimi kwisha kudanganyika.

Bia za namna hii zina ukoo mrefu. Katika karne ya 18, wapika bia wa London walitengeneza bia nyeusi kali iliyosafirishwa hadi Urusi, na watu wa jumba la kifalme wakaipenda. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya chombo cha kukaangia shayiri mpaka ikawa nyeusi. Katika miaka ya karibuni, viwanda vidogo vya Marekani vimeongeza viungo vya vitindamlo, na mara nyingi sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila. Kwa hiyo utamu wake husalia ndani ya kinywaji.

Hapa tuna neno la kwanza kwa wakubwa wanaohusika. Bia ya kawaida huwa na kileo cha asilimia 5 hivi, ilhali nyingi za aina hii hufika asilimia 12 na hata zaidi. Nusu lita ya bia ya kawaida ina mililita 25 za kileo halisi. Nusu lita ya hii ina 60. Anayekunywa bilauri moja amekunywa zaidi ya mbili, naye anadhani amelamba faluda. Visiwa vyetu hupokea wageni wengi, na vijana wetu ndio wanaowahudumia. Ni haki kwamba popote kinywaji hiki kitakapouzwa kwa ruhusa ya sheria, kiasi cha kileo kiandikwe kwa herufi zinazosomeka, na kwa lugha ambayo mhudumu na mnunuzi wote wawili wanaielewa.

Neno la pili ni zito kuliko hilo. Vanila iliyotangulia katika pua ya mwenzetu isingepatikana kwa wingi duniani kama si mwana wa kisiwa cha bahari yetu hii. Asili ya mmea huo ni Mexico, na ulipopelekwa nchi nyingine ulichanua pasipo kuzaa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa mwenye umri wa miaka 12, aliyeitwa Edmond, alionyesha namna ya kulichavusha ua lake kwa kijiti na kidole gumba. Ua la vanila hufunguka kwa siku moja tu. Likikosa mkono wa mtu, hunyauka bila tunda. Ujuzi wa mtoto huyo ukaenea Madagascar na Komoro, na hadi leo mashamba ya vanila hutegemea mkono ule ule. Edmond alipata uhuru mwaka 1848, akapewa jina la Albius, na akafariki mwaka 1880 katika ufukara. Wengine walitajirika kwa kidole chake.

Tunaikumbusha habari hiyo kwa sababu bado haijakwisha. Chupa ile ilitaja jina la mpishi, mji wake na hata aina ya pipa alilotumia. Viungo vilitajwa kama vitu visivyo na kwao. Hakuna awezaye kujua kama mdalasini ule ulibanduliwa Unguja, Pemba au ng'ambo nyingine ya bahari. Hatutafuti soko la pombe. Viungo hivyo hivyo huingia katika keki, chai, chokoleti na dawa, na huko nako hufika bila jina.

Wahenga walisema chema chajiuza. Ni kweli, lakini chema kisicho na jina humuuzia aliyekibandika jina lake. Karafuu zetu zilipata kuongoza duniani katika karne ya 19; leo Indonesia hutoa nyingi zaidi kuliko sisi. Hatuwezi tena kushindana kwa wingi wa magunia. Tunaweza kushindana kwa ubora unaojulikana umetoka wapi.

Zana za kazi hiyo zipo. Zanzibar ina sheria ya mwaka 2008 ya mali za viwandani, inayotambua alama za kijiografia zinazolinda jina la mahali bidhaa ilipotoka. Lipo pia Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ambalo limenunua karafuu za wakulima kwa miongo mingi. Tunawaomba wakubwa wa Serikali waitumie sheria hiyo kwa viungo vyetu vyote, si karafuu peke yake; wakulima wafundishwe kukausha na kupanga madaraja; na viungo vifungwe hapa hapa, vikiwa na jina la kisiwa juu ya kifungashio.

Nao wakulima wana wajibu wao. Anayechuma machanga, au anayeanika juu ya vumbi la barabara, analichafua jina kabla halijaandikwa. Jina huombwa kwa wakubwa, lakini hutunzwa shambani.

Chupa ile tumeirudisha kwa mwenyewe. Karatasi yake tumeomba tubaki nayo, ili iwepo mezani siku tutakapoulizwa kwa nini twapiga kelele juu ya jina.